Nguchiro Aliyesomea Mafundo

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya mtu aliyekwisha kushiba na kuanza kusinzia. Mimi sisimulii waliolala. Tena: paukwa!

Pakawa!

Naam, hiyo imefika. Sukumeni kuni ndani. Na wewe uliyejilaza kwenye mkeka wangu, kaa vizuri usiung'oe pindo, maana hadithi ya leo ni ya ukindu, na mkeka huo utakuwa unasikiliza.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakichota maji kisima kimoja na kusengenyana kwa lugha moja, palikuwa na kijiji kilichoitwa Mkinduni. Wanawake wa Mkinduni walikuwa wasuka mikeka. Walichana majani ya mkindu, wakayaanika, wakayatia rangi, wakasuka asubuhi, wakasuka mchana, wakasuka huku wakigombana. Ukindu ulikuwa kila mahali: milangoni, njiani, kwenye nywele, hata kwenye ugali. Na kwa kuwa ulikuwa kila mahali, ndio walioutumia kuwekeana alama.

Alama zilikuwa tatu. Sikilizeni vizuri, sitarudia. Fundo moja la ukindu likifungwa kwenye kitu, maana yake kina mwenyewe, usikiguse. Mafundo mawili yakining'inia mlangoni, maana yake ndani mna ugonjwa, usiingie. Mafundo matatu, hapo pana mauti: asikaribie mtu, hata mwenye mahali asirudi, mpaka mwezi mwingine uandame. Na juu ya alama hizo palikuwa na sheria moja tu: afungaye ndiye afunguaye. Ukifungua fundo la mwenzako hupigwi wala hutukanwi, ila hakuna tena atakayekupa moto, wala maji, wala salamu. Mnacheka? Kaeni siku tatu bila salamu ya mtu, halafu mje mniambie.

Sasa, watu wa Mkinduni walikuwa waungwana, lakini kila muungwana ana kasoro yake. Yao ilikuwa kuliamini fundo kuliko macho yao. Mwaka mmoja beberu alipita vichakani, ukindu ukamnasa kwenye pembe, ukajiviringa wenyewe ukawa fundo. Basi hakuna aliyethubutu kumgusa yule beberu, hata mwenye beberu. Alikula mihogo ya watu. Alilala vitandani mwa watu. Alinenepa, akaota kiburi, akawa anakohoa mlangoni ili apishwe. Ukindu ulipooza na kudondoka wenyewe, beberu alikuwa mzee tayari, na walipomchinja nyama yake haikuingia jino.

Katika kijiji hicho alikaa Nguchiro. Mnamjua: mrefu wa mwili, mfupi wa miguu, pua haitulii hata akiwa anaomba radhi. Nguchiro alipenda kitu kimoja tu duniani, nacho ni mayai.

Na ng'ambo ya mteremko kutoka shimo lake, chini ya kichaka, alikaa Mama Kanga, yule ndege wa madoadoa. Alikuwa akiatamia mayai kumi na mawili. Mwaka mmoja nyuma maji ya mvua yalimchukulia mayai yote. Mwaka wa kabla ya huo, moto wa nyasi. Haya kumi na mawili ndiyo aliyokuwa nayo, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuyaatamia. Hakuficha hofu yake. Kila aliyepita alimwambia kwamba safari hii atakuwa mama, na kama si safari hii, basi hataki tena kujaribu, moyo wake umechoka.

Kiota chake kilikuwa na fundo moja juu yake, na aliyelifunga ni Bi Siwazuri. Huyu alikuwa msukaji mkongwe kuliko wote kijijini, aliyerithi mafundo kwa mama yake, naye mama kwa mama yake. Fundo lake halikulegea kwa upepo wala kwa mvua.

Nguchiro alilitazama fundo lile siku saba. Alilizunguka, akalinusa, akameza mate. Siku ya nane akajiambia kwamba kuvunja alama ni kazi ya mjinga. Mwerevu huisomea.

Akaoga, jambo ambalo si kawaida yake, akaenda kwa Bi Siwazuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuiba nini leo?"

"Nimekuja kutafuta elimu."

Bi Siwazuri alicheka mpaka ukili aliokuwa akisuka ukamponyoka mkononi. Lakini alipomaliza kucheka, aliguswa. Alikuwa mzee, vidole vinamuuma, binti zake wameolewa mbali. Kila aliyebisha hodi kwake alitaka mkeka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutaka kujua mafundo. Alifurahi, wenzangu, na furaha ni kitu kizuri lakini hutia ukungu machoni. Akamwambia Nguchiro akae.

Akamfundisha siku kumi. Asubuhi Nguchiro alimletea ukindu, mchana alimletea maji, jioni alifunga na kufungua. Kwa kuwa mikono yake ni mifupi, alishika ncha moja kwa meno, akavuta nyingine kwa kucha. Bi Siwazuri alimkanya kila siku kwamba ukindu haung'atwi, unaonewa huruma, lakini alimwacha, maana fundo lilitoka limekaza barabara. Akawa anamwita mjukuu wangu. Akawa anamwekea kiporo.

Siku moja Nguchiro akamuuliza swali alilokuwa amekuja nalo tangu siku ya kwanza. Bibi, fundo linajuaje kwamba kweli ndani mna mgonjwa?

"Fundo halijui kitu, mjukuu wangu," akasema Bi Siwazuri. "Anayejua ni aliyelifunga."

Nguchiro alichukua nusu ya kwanza ya jibu hilo akaenda nayo nyumbani. Nusu ya pili aliiacha pale pale mkekani.

Alianza kwa kujaribu. Jumbe Mwinchande, mkuu wa kijiji, alikuwa mtu mzito mwenye magoti mabovu, na alikuwa na kiti chake cha baraza ambacho hakuna mwingine aliyekikalia. Asubuhi ya baraza Nguchiro akawahi, akafunga fundo moja kwenye mguu wa kiti. Jumbe akaja, akageuza makalio tayari kukaa, akaliona. Akasimama wima.

Watu wakamwambia, Jumbe, kiti si chako? Akasema ni chake, amekichonga mwenyewe, ila kina mwenyewe, na hakulifunga yeye. Akasikiliza kesi tatu akiwa amesimama, jasho linamtiririka, magoti yanagongana. Hapo Nguchiro akajitokeza, akajikohoza, akasema kwamba yeye mambo haya amesoma.

"Macho hudanganya," akasema. "Masikio hudanganya. Alama haidanganyi."

Akalitazama fundo kutoka kulia, akalitazama kutoka kushoto, akalitazama kutoka chini, akaguna kama mganga. Kisha akatangaza kwamba, kwa jinsi lilivyoelekea, kiti hiki leo ni cha mwenye elimu. Akakipanda, akakaa, miguu inaning'inia. Watu wakashangaa kuona elimu inavyofaa. Jioni, walipotawanyika, akafungua fundo lake, na Jumbe akarudishiwa kiti chake pamoja na maumivu.

Tangu siku hiyo Nguchiro akawa mtaalamu. Walimletea nyayo za kuku zilizokauka kwenye tope, awasomee. Walimletea chungu chenye ufa, awaambie ufa unasema nini. Mtu akipiga chafya mara mbili, mbio kwa Nguchiro. Naye aliwasomea wote kwa upole, na kila usomaji ulianza na neno lile lile: macho hudanganya, masikio hudanganya, alama haidanganyi. Malipo hakuchukua. Alichukua kifungua kinywa.

Sasa tuje kwa Masika. Masika alikuwa mwanamke anayeishi peke yake, mkali kidogo, mpishi hodari. Siku hiyo alibandika kambale wa nazi, akashuka kisimani. Aliporudi na mtungi kichwani, akakuta mafundo mawili kwenye mlango wa jiko lake.

Akatua mtungi, akaita majirani. Akawaambia kwamba jikoni mwake mna mgonjwa, naye anaishi peke yake, kwa hiyo hajui ni nani. Majirani wakafikiri. Mmoja akasema huenda ni wewe mwenyewe. Masika akajigusa paji la uso, akaliona la moto. Ndiyo, lilikuwa la moto, ametoka kisimani na mtungi juani! Lakini nani wa kumwambia? Wakamlaza mkekani, wakamfunika, wakamnywesha mwarobaini vikombe vitatu. Na kutoka jikoni ikasikika sauti ya kutafuna.

"Mgonjwa anakula," akasema Jumbe, ambaye alikuja kumjulia hali. "Dalili nzuri."

Baada ya muda Nguchiro akafungua mafundo yake kwa ndani, akatokea dirishani kwa nyuma, akazunguka akaja kwa mbele akijifuta masharubu. Akawaonyesha mlango: mafundo hayapo, mgonjwa amepona. Macho hudanganya, masikio hudanganya, alama haidanganyi. Watu wakampongeza Masika, Masika akainuka akaingia jikoni, akakuta miba. Akaizoa, akaitupa. Ila ule mwarobaini ulikaa kinywani mwake siku tatu, na mwenye uchungu mdomoni hasahau upesi.

Mnaona sasa anaelekea wapi, sivyo? Msijifanye wajanja. Mngekuwa Mkinduni nanyi mngekunywa mwarobaini.

Siku ya nne, asubuhi, zikiwa zimebaki siku tano mayai yaanguliwe, Mama Kanga aliyafunika mayai yake kwa majani, akaenda kisimani kunywa funda moja la maji. Funda moja tu. Aliporudi, juu ya kiota chake, kando ya lile fundo moja la zamani, yalining'inia mafundo matatu.

Hakupiga kelele. Ninyi mnajua kanga anavyopiga kelele, hata jani likianguka. Siku hiyo hakutoa sauti. Alisimama mbali na kiota, mguu mmoja juu. Kisha akakaa chini mavumbini.

Kijiji kikaja kumpa pole. Wakatandika mikeka hatua thelathini kutoka kichakani, kama desturi ilivyotaka, wakapika uji wa mtama, wakapika kunde, wakapika na vitumbua, maana msiba wa mayai kumi na mawili si mdogo. Mama Kanga akawaambia kwamba aliyaacha ya moto, yanagongagonga kwa ndani, na akauliza kama hawezi kwenda kuyasikiliza mara moja. Mtaalamu akaitwa. Nguchiro akaja na uso wa huzuni, akatazama mafundo kwa mbali, akasema ni mauti, na mauti yenyewe ni mapana. Mama mzazi asirudi mpaka mwezi uandame, naye mtaalamu peke yake atakuwa akipita kuyatazama, kwa ajili ya elimu.

Hapo ndipo alipotaka kufika tangu siku ile ya kwanza. Mayai kumi na mawili, siku baada ya siku, bila haraka, na hakuna fundo lililovunjwa. Basi kwa furaha akala uji wa msiba. Akala kunde. Akala vitumbua tisa. Jua la utosi likampiga, tumbo likawa zito, macho yakawa madogo. Akajiambia, mayai hayana miguu, yatanisubiri. Akajivuta mpaka shimoni kwake, akalala fofofo.

Bi Siwazuri alichelewa kufika msibani kwa sababu ya miguu yake. Yeye naye, kwa kuwa ni mwenye mafundo, aliruhusiwa kusogea na kutazama. Akasogea. Akayaona mafundo matatu, yamekaza barabara, yamefungwa kwa mkono uliofundishwa vizuri. Na kwenye ncha ya kila ukindu akaona vidoti vidogo vidogo, viwili juu, viwili chini. Alama za meno.

Aliumia. Alisimama pale akiwa ameshika kiuno, akakumbuka maji ya mchana na kiporo cha jioni na neno bibi, akaona haya mbele ya mayai. Kisha hasira ikaja, na ikamsaidia kutembea.

Mtauliza, kwa nini asiyafungue? Nami nawaambia, alinyoosha mkono akaurudisha. Afungaye ndiye afunguaye. Leo yeye akifungua la mwenzake, hata kama ni la mwizi, kesho kila mkono utafungua la jirani na kila mmoja atakuwa na sababu yake nzuri. Hakumwambia mtu kitu, ila Masika, kwa sababu alihitaji mtu wa kumshika mkono kwenye mteremko. Wakaenda wawili mpaka kwenye shimo la Nguchiro, ambaye alikuwa akikoroma. Bi Siwazuri akachukua ukindu mpya, akafunga fundo la kwanza mlangoni mwa shimo. Akafunga la pili. Akafunga la tatu.

Kisha Masika akarudi kwa watu akawatangazia kwamba huko kwa Nguchiro kuna mafundo matatu. Watu wakasema msiba haupigi hodi mara moja. Wakakunja mikeka, wakahamia kwa Nguchiro.

Nguchiro aliamka alasiri kwa njaa. Akajinyoosha, akaenda mlangoni, akafunga breki pua ikiwa kidole kimoja tu kutoka kwenye ukindu. Akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akajigusa kifua: moyo unadunda. Akahesabu tena. Nje alisikia watu wanalia, tena wanalia kwa adabu.

Walikuwa wamemkalia msiba. Jumbe alikuwa mbele, kwenye kiti chake, akijaribu kumtaja marehemu kwa mema kama inavyompasa mkuu wa kijiji. Akasema, marehemu alikuwa. Akanyamaza. Akasema tena, marehemu alikuwa. Akamgeukia Masika amsaidie, Masika akasema alikuwa na hamu ya kula. Jumbe akamalizia kwamba marehemu alikuwa na mkia, na watu wote wakaitikia kuwa ni kweli, mkia alikuwa nao.

"Jamani, mimi niko hai," ikatoka sauti shimoni.

Watu wakashtuka. Masika peke yake hakushtuka. Akasogea mpaka mwisho wa mkeka, akauliza kwa upole kama sauti hiyo imeziona alama zilizo mlangoni. Sauti ikajibu kwamba imeziona.

"Basi pumzika," akasema Masika. "Masikio hudanganya."

Nguchiro akachungulia, akatoa pua, akatoa na masharubu, akiangalia asiguse ukindu. Akawaambia wamtazame, pua yake hii, wanaijua, inacheza. Jumbe akaitazama pua ile kwa majonzi, akatikisa kichwa.

"Macho hudanganya, marehemu," akasema. "Wewe mwenyewe ulitufundisha."

Nguchiro akarudi ndani kufikiri. Akiruka akayakata mafundo, kijiji kizima kinamwona: hakuna moto, hakuna maji, hakuna salamu, na kitumbua hakuna. Akikaa, mwezi mwingine ulikuwa bado siku kumi na tisa. Alikuwa na njaa sasa hivi. Akakuna kichwa, akakuna mgongo. Kila mlango wa kutokea aliokuwa nao akilini, kumbe ameufunga mwenyewe.

Wakati huo Mama Kanga alikuwa pembeni ya mkeka. Hakuwa akimlilia Nguchiro. Alikuwa akitazama jua linavyoshuka, akipima kivuli cha kichaka kwa jicho. Akasema polepole, bila kumwambia mtu, "Mayai yangu yanapoa." Bi Siwazuri akasikia, mikono yake ikaacha kusuka.

Ndipo Nguchiro akasema neno la tatu. Alilisema kwa sauti ndogo, na Jumbe akamwomba arudie.

"Nimesema ni ukindu tu," akasema Nguchiro. "Ni majani. Mtu kayafunga. Hayajui kama nimekufa au niko hai."

Watu wa Mkinduni walitazamana kama waliovuliwa nguo. Mmoja alimkumbuka yule beberu, akakohoa.

Bi Siwazuri akafungua kinywa kwa mara ya kwanza. Akauliza, na yale ya kiotani kwa Mama Kanga?

"Ni ukindu, bibi."

"Nani aliyefunga?"

Pua ya Nguchiro ikatulia. Tangu azaliwe haikuwahi kutulia.

"Mimi, bibi. Na ya jikoni kwa Masika. Na la kwenye kiti."

Jumbe akajishika magoti. Masika akatema mate chini, ya uchungu ule wa siku tatu. Bi Siwazuri hakuuliza zaidi. Akajikokota mpaka mlangoni mwa shimo, akafungua mafundo yake, moja, mbili, tatu, kwa kuwa afungaye ndiye afunguaye. Nguchiro akatoka nje, na kwa kuwa yeye ni yeye, hakuweza kuacha kujitetea. Akasema mbele ya wote kwamba hata bibi amedanganya, amefunga mauti pasipo na mauti.

Watu wakamgeukia bibi. Kweli, walitaka jibu.

"Sikudanganya," akasema Bi Siwazuri. "Nilikuwa na mwanafunzi katika shimo hili, wa kwanza na wa mwisho, na nilimpenda. Amekufa leo asubuhi. Hawa waliokuja, wamekuja kunipa pole mimi."

Hapo hakucheka mtu. Naona hata ninyi mmeacha kuchokoa meno.

Nguchiro akageuka akakimbia, na kijiji kizima nyuma yake, Mama Kanga mbele yao wote, mpaka kichakani. Akaanza kufungua mafundo yake matatu. Hayakufunguka. Alikuwa amejifunza vizuri mno. Akavuta kwa kucha, akang'ata kwa meno, akatokwa na machozi, na sijui kama yalikuwa ya ukindu au ya nini. La kwanza likalegea. La pili likalegea. La tatu lilipodondoka, Mama Kanga alimkanyaga kichwani akapita, akaingia kiotani.

Akainama, akayagusa mayai kwa shavu, moja baada ya jingine. Jua lile la utosi, lililompiga Nguchiro akalala, ndilo lililokuwa limekaa juu ya kiota mchana kutwa na kuyalinda. Yalikuwa na vuguvugu. Mama Kanga akakaa juu yake, akajikunjua manyoya yote, na ndipo akapiga kelele. Alipiga kelele mpaka usiku, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya siku tano walitoka vifaranga kumi na mmoja. Yai moja halikufunguka. Kama lilipoa siku ile au halikuwa na riziki, hatujui, na Mama Kanga hakuuliza.

Jumbe alitaka mafundo yapigwe marufuku, yametosha. Bi Siwazuri akakataa. Akasema ukindu ni ukindu, lakini fundo ni neno la mtu, na neno la mtu halitupwi kwa sababu mmoja alisema uongo. Huulizwa, nani amesema? Basi wakaongeza sheria ya pili: ukikuta fundo, uliza nani kafunga, na aliyefunga asimame ajitaje. Nanyi mnawajua watu wa Mkinduni, hawana kiasi. Tangu hapo ukifunga hata kifurushi cha chumvi, wanakuja kumi na wawili kukuuliza ni nani, na jina la baba yako.

Nguchiro hawakumfukuza, kwa maana hakufungua fundo la mtu, alifungua yake tu. Bi Siwazuri hakumwita tena mjukuu. Ila jioni kiporo kiliendelea kuwekwa nje ya mlango, na asubuhi sahani ilikutwa imeoshwa, na kando yake ukindu umechanwa vizuri. Hawakusemezana. Mimi sijui ninyi mngefanya nini.

Na ndiyo maana mpaka leo, nendeni porini mkamtazame nguchiro anapotoka shimoni. Hatoki moja kwa moja. Hutoa pua kwanza. Halafu husimama kwa miguu ya nyuma, wima kama mtu, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia juu ya mlango wake. Watu husema anaangalia mwewe. Anaangalia kama kuna mtu amemfungia.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeifunga fundo moja: ina mwenyewe. Atakayeisimulia kwingine, akiulizwa nani kaifunga, anitaje.